Njia Moja, Sheria Tatu

Kuna njia ya miguu inayofuata mto Potomac upande wa Virginia, na watu wa kaunti ya Fairfax huifurika majira ya majani kupukutika. Inaanzia Riverbend, bustani ya kaunti, inashuka pamoja na maji, na kabla magoti hayajaanza kulalamika umeshaingia Great Falls, hifadhi ya serikali kuu. Miti ni ileile, tope ni lilelile, na wazazi wanaowafokea watoto wasisogelee ukingo ni walewale.

Sasa mfuate mtu mwenye bastola kiunoni. Akiwa Riverbend anavunja sheria ndogo ya kaunti, kosa linaloweza kumfunga hadi miezi 12 na kumtoza faini hadi dola 2,500. Akivuka mpaka kuingia Great Falls, hana kosa tena, kwa sababu tangu Februari 2010 hifadhi za taifa za Marekani zinafuata sheria ya jimbo zilimo, na sheria ya jimbo la Virginia haimkatazi. (Ruhusa hiyo, kama hukujua, ilipachikwa ndani ya sheria ya kadi za mkopo iliyosainiwa na Rais Obama mwaka 2009. Bunge la huku lina tabia hiyo, jambo la bunduki kulibandika kwenye muswada wa riba za benki.) Halafu akipata haja ya kuingia kwenye jengo la kupokelea wageni hapohapo Great Falls, ameshakosa upya, kwa kuwa serikali kuu inakataza bunduki ndani ya majengo yake yenyewe, hata yale yaliyo katikati ya msitu.

Ndugu walioko nyumbani huniuliza kama kweli huku kila mtu anatembea na bunduki. Jibu la kweli linategemea umesimama kwenye ardhi ya nani. Wengi wetu tumeishi Virginia miaka na bado hatujui, kwa sababu tunadhani ugomvi wa bunduki Marekani ni ugomvi wa Washington, wa maseneta na majaji wanaoonekana kwenye televisheni. Upande unaomgusa mtu anayepeleka mtoto maktaba Jumamosi huamuliwa kwenye kikao cha kaunti, jioni ya siku ya kazi, mbele ya viti ambavyo nusu yake vitupu.

Na swali lenyewe la kikao hicho mara nyingi si kama bunduki ni nzuri au mbaya. Ni kama kaunti ina mamlaka ya kusema neno lolote.

Aliyekulia Tanzania hataona shida kulielewa hili. Halmashauri zetu hutunga sheria ndogo za masoko, usafi na mifugo, lakini sheria ndogo haina nguvu mpaka Waziri aidhinishe. Virginia nayo iko hivyo, kwa njia yake. Wanafuata kanuni ya jaji mmoja wa Iowa wa karne ya 19, John Dillon, aliyesema kwamba mji hauna mamlaka ila yale uliyopewa na jimbo. Jimbo likinyamaza, mji nao unyamaze. Kuhusu bunduki, majimbo zaidi ya 40 hayakuridhika na kunyamaza tu. Yaliandika wazi kwamba miji na kaunti zikae mbali. Florida ndiyo iliyokwenda mbali kuliko zote ninazozijua: tangu 2011 diwani anayepitisha kwa makusudi kanuni ya bunduki iliyo kinyume na ya jimbo anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000, yeye binafsi, kutoka mfukoni mwake, na gavana anaweza kumwondoa kazini. Baada ya watu 17 kuuawa shuleni Parkland mwaka 2018, miji kadhaa ya Florida ilikwenda mahakamani kuipinga adhabu hiyo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya jimbo ikawaambia hapana.

Virginia ilikuwa kwenye kundi hilo mpaka 2020. Kilichoibadilisha ni mambo mawili ambayo watu wa hapa huyataja kwa jina la mji tu, na kila mtu anaelewa.

La kwanza ni Charlottesville. Agosti 12, 2017, wazungu wenye siasa za ubaguzi walikusanyika kwenye bustani ya mji kutetea sanamu ya Jenerali Lee, aliyeongoza jeshi la majimbo yaliyotetea utumwa. Wakaja pia wanamgambo wa kujitegemea, bunduki begani, mavazi ya kijeshi, wamesimama barabarani kiasi kwamba mpita njia asingeweza kujua nani ni askari wa serikali na nani amejivika mwenyewe. Mji ulikuwa na uwezo wa kusimamia kibali cha mkutano. Kusema "mkutano sawa, ila bunduki ziacheni nyumbani", hapo sheria ya jimbo ilikuwa imeufunga mdomo. Siku hiyo Heather Heyer, mmoja wa waliokuja kuwapinga wabaguzi hao, aliuawa, na aliuawa kwa gari, si kwa risasi. Nalisema hili kwa sababu wanaopinga sheria hizi hulisema, na wanasema kweli.

La pili ni Virginia Beach. Mei 31, 2019, mhandisi wa mji huo alishambulia jengo la halmashauri alimokuwa akifanya kazi na kuua watu 12. Alikuwa na kadi yake ya kupitia milangoni. Asubuhi ileile alikuwa ametuma barua ya kuacha kazi. Gavana Ralph Northam akaitisha kikao maalumu cha bunge la jimbo Julai, na kikao hicho kilidumu kama dakika 90 kikaahirishwa bila kujadili muswada hata mmoja. Novemba wapiga kura wakakipa chama cha Demokrati, kilichotaka sheria kali zaidi za bunduki, mabunge yote mawili ya jimbo.

Wengine mnakumbuka picha za Januari 20, 2020, pale Richmond: watu wapatao 22,000, wengi wao na bunduki, wamezunguka makao ya bunge kupinga yaliyokuwa yanakuja. Gavana alikuwa ametangaza hali ya dharura na kukataza silaha ndani ya uzio. Walioingia bila silaha walikuwa takriban 6,000. Waliobaki nje, wengi wao nazo, 16,000. Nchi nzima ilishika roho. Mwisho wa siku hakuna aliyedhurika, na aliyekamatwa alikuwa mmoja tu, mwanamke kijana, kosa lake kufunika uso hadharani. (Miezi michache baadaye janga la korona likaingia, na jimbo hilohilo likatuamuru sote tufunike nyuso.) Wakati huohuo kaunti na miji zaidi ya 100 ya Virginia zilikuwa zimepitisha maazimio ya kujitangaza kuwa kimbilio la wenye bunduki, baadhi zikiahidi kutoshirikiana na sheria mpya.

Sheria iliyopitishwa ilianza kazi Julai 1, 2020. Watu wengi, hata wanaoiunga mkono, huielezea vibaya. Haikukataza bunduki kwenye bustani za Virginia. Ilichofanya ni kuiambia kila kaunti na kila mji: ukitaka, kataza. Kataza ndani ya majengo yako, kwenye bustani zako, kwenye vituo vyako vya michezo na mikusanyiko, na kwenye barabara wakati inatumika kwa shughuli inayohitaji kibali. Usipotaka, acha. Na ukikataza, weka mabango kwenye viingilio vyote, maana mtu hawezi kushtakiwa kwa sheria iliyofichwa kabatini.

Alexandria haikungoja hata siku. Ilipitisha yake Juni ili ianze pamoja na sheria ya jimbo. Fairfax ikafuata Septemba. Kaunti nyingi za milimani na kusini hazikugusa kitu, na hazitagusa. Kwa hiyo ukitoka Fairfax kwenda kuwaona jamaa wa Kongo walioko Harrisonburg au Roanoke, unapita kwenye ardhi ya kaunti moja baada ya nyingine, na kila moja imeamua jambo hili kivyake. Wapinzani wanalalamika kwamba hii inamtega raia mwema anayesafiri na bastola yake halali, na mimi nadhani lalamiko hilo ndilo zito kuliko yote waliyo nayo. Majibu kwamba "asome mabango" ni majibu ya mtu asiyewahi kuingia bustanini kwa kichochoro cha nyuma, ambako bango halipo.

Hata hivyo mimi niko upande wa kaunti. Sababu yangu siyo ile inayotolewa sana.

Hoja inayotolewa sana ni kwamba bango litazuia muuaji. Halitamzuia. Yule wa Virginia Beach alifanya kazi mahali ambapo wafanyakazi walikuwa tayari wamekatazwa na kanuni za ajira kuja na silaha. Alikuwa na kadi ya mlango na nia ya kuua. Karatasi ya kubandikwa kiooni ingemfanya nini? Wanaodhihaki mabango haya wana haki ya kucheka kama kazi yake ingekuwa hiyo.

Kazi yake ni nyingine, na inaonekana kwenye siku za kawaida ambazo hazifiki magazetini. Fikiria maktaba ya kaunti kabla ya 2020. Anaingia mwanamume, bastola inaning'inia wazi pajani, anakaa karibu na sehemu ya vitabu vya watoto. Hajasema neno. Hajavunja sheria. Mkutubi ana hofu, kina mama wanakusanya watoto wao na kuondoka, mlinzi akimwendea hana la kumwambia isipokuwa "habari za leo". Polisi wakiitwa nao hawana kosa la kuandika. Wote wanangoja afanye jambo, na jambo lenyewe likifanyika wamechelewa. Sheria ndogo inampa mlinzi sentensi moja: "Bwana, humu hairuhusiwi, tafadhali irudishe nyumbani." Wengi wataitii bila ugomvi, kwa sababu wengi wa wanaobeba silaha ni watu wa sheria kwelikweli. Atakayekataa ameshajitambulisha, na polisi sasa wana sababu ya kumshughulikia kabla ya risasi.

Vivyo hivyo kwenye kikao cha bodi ya kaunti. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii kusikiliza habari za vituo vya mabasi na kodi ya nyumba. Mtu anayesimama kutoa maoni huku jirani yake ana bunduki hasemi maneno yaleyale. Hakuna aliyemtisha, lakini sauti imeshuka.

Nigeukie panga, maana hapa sheria ya Virginia inatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Fairfax hukodisha vijishamba ndani ya baadhi ya bustani zake, kwa mfano Nottoway kule Vienna, na waswahili kama mimi tumo: mchicha, matembele, mabua mawili matatu ya mahindi kwa ajili ya ubishi tu. Kwa hiyo tunaingia kwenye bustani ya umma tukiwa na vyuma. Sheria ndogo ya kaunti niliyoieleza haigusi visu wala mapanga. Inataja bunduki, risasi na vipande vyake. Lakini sheria ya jimbo kuhusu kuficha silaha mwilini inalitaja panga kwa jina, pamoja na majambia, nyembe na ngumi za chuma. Bastola ukiwa na kibali unaweza kuifunika na shati ukaenda zako, pale pasipokatazwa. Panga ukilificha ndani ya koti huna kibali cha kuomba, kwa sababu kibali cha jimbo ni cha bastola peke yake. Mzee wa Handeni atacheka mpaka alie: chombo cha kufyekea nyasi ukikitia ndani ya koti ni kosa, na bastola ukiifunika kwa kibali ni haki. Fundisho la shambani ni jepesi. Panga libebe wazi mkononi au libaki kwenye gari na majembe mengine, na usilitie ndani ya koti kwa kuona haya mbele ya wazungu, maana haya hiyo ndiyo itakayokutia matatani.

Na kuna jambo zito zaidi kwa wasio raia, ambalo silisikii likisemwa kanisani wala msikitini wala kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Ndugu zetu wengi wanafanya kazi ya ulinzi: maghala, majengo ya ofisi, hoteli. Baadhi wamepata mafunzo na usajili wa jimbo wa kulinda wakiwa na silaha, kwa sababu malipo ya saa ni mazuri zaidi. Mtu anatoka lindo alfajiri, bastola bado kiunoni, anapita kituo cha michezo cha kaunti kumchukua mtoto. Sheria ndogo ya Fairfax inawaacha polisi, na walinzi ambao kaunti yenyewe imewaweka pale kazini. Inawaacha hata waigizaji wa historia wanaovaa nguo za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 na kubeba bunduki za zamani. Mlinzi wa kampuni ya ghala aliyekuja kuchukua mtoto hayumo kwenye orodha. Kwake, kama ni raia, hilo ni kosa la adhabu ile niliyoitaja mwanzoni, na aibu. Kama ana kadi ya kijani, hali ni tofauti kabisa, kwa sababu sheria ya uhamiaji inahesabu kutiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba bunduki kinyume cha sheria miongoni mwa sababu za kumrudisha mtu kwao. Sababu hiyo inamgusa hata kama amekaa miaka mingi na ana watoto waliozaliwa hapa. Aliye huku kwa viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, na vighairi vyake ni vichache. Wakili wa makosa ya jinai asiyejua uhamiaji anaweza kukushauri ukiri upate faini ndogo uende nyumbani, na kwa ushauri huo akawa amekukatia tiketi ya ndege. Mwambie hali yako ya makazi kabla hujamwambia kitu kingine chochote.

Turudi mahakamani, maana kaunti kupewa mdomo na jimbo hakumalizi habari. Juu ya jimbo kuna Katiba.

Juni 23, 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya New York iliyohusu sheria ya vibali ya mwaka 1911. Majaji sita dhidi ya watatu walisema haki ya kubeba silaha haiishii mlangoni kwa nyumba yako, na Jaji Clarence Thomas akaweka kipimo: serikali inayotaka kukataza ionyeshe kwamba katazo lake linafanana na desturi ya kihistoria ya nchi hii. Mahali nyeti alipataja: shule, majengo ya serikali, mabunge, vituo vya kupigia kura, mahakama. Bustani hakuzitaja. Akaongeza kwamba huwezi kuita kisiwa kizima cha Manhattan mahali nyeti kwa vile tu kuna watu wengi na polisi wa kutosha.

Tangu hapo mawakili wa kaunti wamegeuka wapekuzi wa makabrasha ya kale. Virginia kwa bahati ina kabrasha zuri. Mwaka 1786 jimbo hili liliandika sheria ya kukataza mtu kwenda na silaha kwenye maonyesho na masokoni kwa namna ya kutia watu hofu, sheria iliyonakili ile ya Northampton ya Uingereza ya mwaka 1328. Upande wa pili hujibu kwamba hayo maneno ya kutia hofu ndiyo yote, na mtu aliyetulia na bastola yake hatishi mtu. Ndipo wanaletewa kanuni za Central Park ya New York za 1858, zilizokataza silaha kwa kila aingiaye, na za bustani nyingine kubwa zilizofuata. Wanajibu tena: 1858 imechelewa, waliopitisha Marekebisho ya Pili ya Katiba, yenye haki ya kubeba silaha, walikuwa wamekufa. Na kweli walikuwa wamekufa. Lakini bustani ya umma kama tunavyoijua leo, yenye nyasi na watoto, ilikuwa bado haijaenea walipokuwa hai. Mimi huona ajabu kwamba usalama wa uwanja wa bembea wa leo unategemea nani aliandika nini kuhusu gulio la farasi, lakini ndivyo kipimo kilivyo, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu hiyohiyo ilikilegeza kidogo tu, kwa kusema inatosha kanuni ya leo ilingane na misingi ya zamani bila kuwa pacha wake.

Katazo la Fairfax lilishtakiwa na wakazi wenye silaha. Mwaka 2024 mahakama ya shirikisho iliyoko Alexandria iliiacha sheria isimame. Wakakata rufaa, na mwaka 2025 mahakama ya rufaa nayo ikakubaliana na kaunti, ila kwa njia ya mkato ambayo mawakili wa pande zote wameisoma kwa makini. Walalamikaji walikuwa wamedai kwamba katazo lote ni batili, kila mahali. Kaunti ikaonyesha kwamba ndani ya baadhi ya bustani zake kuna madarasa ya chekechea, na shule ni mahali nyeti kwa maneno ya Mahakama ya Juu yenyewe. Basi katazo ni halali angalau huko, na dai la kwamba ni batili kila mahali likaanguka.

Fairfax ina bustani zaidi ya 400. Zenye chekechea ni baadhi tu. Mlalamikaji atakayekuja safari ijayo hatahitaji kupinga zote. Atachagua moja tu, msitu usio na darasa wala bembea, na ataomba majaji waamue kuhusu huo.